Akina Diogenes: shajara ya jedwali la wajina

Lengo ni kupata orodha moja ya Kiswahili ya watu wa ulimwengu wa Wagiriki wa kale walioitwa Diogenes, ili msomaji akikutana na jina hilo kitabuni ajue ni habari za nani anazosoma. Njia hii inafaa kwa jina lolote lenye wajina wengi, kama Demetrius, Zeno au Apollodorus, kwa hiyo yaliyoshindikana yamepewa nafasi kubwa kuliko yaliyokwenda sawa. Majina ya watu yamebaki na tahajia ya Kilatini iliyozoeleka vitabuni. Miji ambayo Biblia ya Kiswahili imekwisha kuitaja (Athene, Korintho, Tarso, Seleukia) imeachwa ilivyo huko.

10 Februari 2025: Pa kuanzia

Kazi ya mwanzo ilifanywa zamani. Diogenes Laertius, aliyeandika maisha ya wanafalsafa katika vitabu 10 mnamo karne ya 3 BK, ana mazoea ya kufunga habari za mtu kwa orodha ya wajina wake. Alimtegemea sana Demetrius wa Magnesia, mtu wa karne ya 1 KK, aliyetunga kitabu kizima kuhusu washairi na waandishi wenye majina yanayofanana. Kitabu hicho kimepotea, ila mabaki yake yamo ndani ya Laertius.

Kwa jina letu (6.81, yaani kitabu cha 6, kifungu cha 81) anahesabu watano: mwanafalsafa wa maumbile kutoka Apollonia, mtu wa Sicyon aliyeandika juu ya Peloponnesus, yule wa Sinope (Mkiniki, wa shule ya falsafa iliyodharau mali), Mstoiko (wa shule ya falsafa iliyohimiza kuishi kwa akili na fadhila) wa Seleukia, na wa Tarso, aliyeandika juu ya maswali ya ushairi na kujaribu kuyajibu. Laertius anawajali watu wa kalamu tu. Wanajeshi, wachongaji na wafanyabiashara hawamo, na hao ndio wanaoleta kazi.

Safu za jedwali la kwanza zilikuwa kitambulisho, mji, kazi, karne na kifungu. Maandishi ya Kigiriki ya Laertius, Strabo, Athenaeus na Plutarchus yanapatikana bure katika maktaba ya kidijitali ya Perseus. Gharama hadi hapa ni bando la intaneti.

24 Februari: Kitambulisho cha mji hakifai

Kila mtu alipewa kitambulisho kutokana na mji wake: diogenes-sinope, diogenes-apollonia, diogenes-babeli. Kinapendeza macho, na Wagiriki wenyewe walitofautishana hivyo, kwa jina la baba au la mji. Kwenye jedwali kilikwama sehemu tatu.

Kwanza, Mstoiko ana miji miwili. Alizaliwa Seleukia, mji uliokuwa kando ya Mto Tigri, kusini mwa Baghdad ya leo, lakini aliitwa wa Babeli kwa sababu ya ujirani, na Laertius anasema hivyo waziwazi. Ukimsajili kwa Babeli, anayemtafuta kwa Seleukia atadhani hayumo na atamfungulia mstari wa pili. Tahadhari nyingine hapo hapo: hii siyo Seleukia ya Matendo 13:4, walikopandia merikebu Paulo na Barnaba kwenda Kipro. Ile ilikuwa bandari ya Antiokia. Programu inayoweka viungo yenyewe ilizichanganya mara moja.

Pili, Apollonia zilikuwa nyingi, na iliyomzaa mwanafalsafa wa maumbile ina wagombea wawili wakuu, mmoja Krete na mmoja pwani ya Bahari Nyeusi. Kitambulisho kikikulazimisha kuchagua, umeshatoa hukumu kabla ya kusoma ushahidi.

Tatu, wengine hawana mji kabisa. Jemadari wa Piraeus, bandari ya Athene, na mfanyabiashara aliyetajwa na mwanajiografia Ptolemaeus wanajulikana kwa walichofanya tu.

Dawa ni namba zisizo na maana yoyote, D01, D02 na kuendelea, kwa mpangilio wa kusajiliwa. Miji ikahamishiwa kwenye jedwali lake, ambako mtu mmoja anaweza kuwa na mistari miwili au asiwe nao kabisa. Ubaya ni kwamba vitambulisho vya zamani vilikuwa vimeshaandikwa ndani ya maelezo, na ikabidi kila kimoja kibadilishwe kwa mkono. Anayeiga aanze na namba tangu siku ya kwanza.

17 Machi: Wawili wa Seleukia

Hili ndilo kosa kubwa la muundo wa kwanza. Mstari wa D04 ulikuwa umemkusanya mtu huyu: mkuu wa shule ya Wastoiko, mwanafunzi wa Chrysippus, mjumbe wa Athene huko Roma mwaka 155 KK, mpambe wa mfalme wa Syria, aliyeuawa na Antiochus. Kila kipande kilikuwa na kifungu chake, mji ni uleule, karne ni ileile ya 2 KK. Ila mtu wa namna hiyo hajawahi kuishi.

Wa kwanza ni Mstoiko. Athene ilikuwa imetozwa faini ya talanta 500 kwa kuupora mji wa Oropus, ikawatuma wanafalsafa watatu kuomba nafuu: Carneades wa Akademia, Critolaus wa shule ya Aristoteles, na huyu. Faini ikashushwa hadi talanta 100. Cicero, mwandishi wa Roma, naye, katika kitabu cha 3 cha De Officiis (Juu ya Wajibu), anamkutanisha na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso katika kesi ya mfanyabiashara wa nafaka. Mtu ametoka Iskanderia na shehena, amefika Rodo wakati wa njaa, na anajua meli nyingine za nafaka ziko njiani. Je, ni lazima awaambie wanunuzi? Antipater anasema lazima. Diogenes anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, kisha auze kwa bei nzuri awezavyo.

Wa pili ni Mwepikureo, mfuasi wa mwanafalsafa Epicurus, na habari zake ziko kwa Athenaeus (5.211). Alikaa kwenye jumba la Alexander Balas, aliyetawala Syria mwaka 150 hadi 145 KK, na mfalme alimpenda ingawa yeye mwenyewe alifuata mafundisho ya Wastoiko. Diogenes huyu akaomba avae vazi la zambarau na taji la dhahabu lenye sura ya Fadhila katikati, akapewa. Kisha akamgawia mwimbaji mmoja wa kike vyote viwili. Mfalme alipopata habari akaandaa karamu, akamwambia mgeni wake avae taji na vazi lake. Akatoa udhuru. Mfalme akatoa ishara, waburudishaji wakaingia, na yule mwimbaji akiwa miongoni mwao amevaa vyote. Balas alimvumilia, Antiochus aliyefuata hakuuvumilia ulimi wake, akamuua.

Neno moja ndilo linalowatenga: Athenaeus anamwita Mwepikureo. Na Athenaeus huyohuyo, katika kitabu cha 4, anamnukuu Diogenes wa Babeli na kuutaja mji huo. Kwake ni watu wawili, na kila mmoja ana utambulisho wake.

Kuwatenganisha watu waliokwisha kuchanganywa ni kama kuchagua chenga kwenye mchele: kila kifungu cha D04 kilisomwa upya, kwa sababu jedwali halikuonyesha sifa ipi ilitoka wapi. Muundo wote ukavunjwa. Sasa kuna faili tatu:

vifungu: mwandishi, kitabu na sura, maneno ya Kigiriki yalivyo, na utambulisho uliomo ndani ya kifungu chenyewe (mji, baba, kazi, shule).

watu: namba tu, pamoja na kichwa kifupi cha kumsaidia msomaji.

hukumu: kifungu fulani ni cha mtu fulani, kwa uhakika wa kiwango gani (hakika, huenda, dhaifu), na kwa sababu ipi.

Ushahidi unaingia kwanza, mtu anafuata. Kuunganisha wawili baadaye ni kazi ya kubadilisha mistari ya faili la hukumu. Kuwatenganisha bila faili hilo ni kuanza upya. Kwa hiyo penye shaka waache mbalimbali.

31 Machi: Kutafuta kwa herufi za Kigiriki

Jina linabadilika kwa nafasi yake katika sentensi, hivyo kutafuta Διογένης peke yake kunakosa vifungu vingi. Tafuta pia Διογένους, Διογένει, Διογένη, Διογένην, Διόγενες ya kumwita mtu, na wingi Διογένεις, ambao ndio Laertius anautumia katika 6.81.

Tatizo la kwanza ni la Yunikodi, mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi msimbo wake. Herufi έ ina misimbo miwili, U+03AD na U+1F73, inayoonekana sawa kabisa kwenye skrini. Faili moja likitumia huu na jingine ule, utafutaji unarudi mtupu na wewe unaamini kifungu hakipo. Pitisha maandishi yote kwenye NFC, kanuni ya Yunikodi ya kusawazisha misimbo, kabla ya kutafuta. Inageuza U+1F73 kuwa U+03AD.

La pili lilitokana na njia ya mkato. Ukifuta alama zote za mkazo ili kurahisisha mambo, Odysseus, shujaa wa tenzi za Homer, anakufurikia. Homer humwita διογενὲς Λαερτιάδη, yaani wa ukoo wa Zeus, mwana wa Laertes, na bila alama sifa hiyo haitofautiani na jina letu. Herufi kubwa haikusaidia, kwa kuwa maneno hayo mara nyingi huanzisha hotuba na wahariri huyapa herufi kubwa. Mkazo ndio unaotofautisha: jina linapoitwa ni Διόγενες, sifa ni διογενές. Alama zikabaki, na utafutaji ukafanywa kwa orodha kamili ya maumbo.

Chuja pia Διογενιανός, ambalo ni jina jingine, na Διογένειον, ambalo ni jengo (tazama 30 Juni).

28 Aprili: Tamthilia saba, watunzi wawili

Laertius (6.80) anaorodhesha tamthilia saba za huzuni chini ya Diogenes wa Sinope: Helen, Thyestes, Heracles, Achilles, Medea, Chrysippus na Oedipus. Kamusi ya Bizanti iitwayo Suda ina Diogenes mwingine, aitwaye pia Oinomaus, Mwathene wa wakati walipoangushwa Watawala Thelathini, waliotawala Athene kwa mabavu, yaani 403 KK. Tamthilia zake ni nane: saba ni hizohizo, ya nane ni Semele.

Orodha mbili zikifanana hivyo hazijatokea kwa bahati. Jawabu la haraka lilikuwa kumpa Mwathene zote nane, likaonekana halisimami. Laertius mwenyewe anajua kwamba umiliki una mgogoro: anasema Satyrus na Sosicrates walikana kwamba Diogenes wa Sinope aliacha maandishi yoyote, na kwamba tamthilia hizo ni za rafiki yake Philiscus wa Aegina. Mahali pengine (6.73) anataja pia jina la Pasiphon kuhusu Thyestes. Watu wanne kwa mzigo mmoja. Kinachosimama peke yake ni Semele: Athenaeus anainukuu kwa jina la Diogenes mtunzi wa tamthilia, na haimo kwenye orodha ya Laertius.

Hukumu zilizoingia: Semele ni ya D09 (Mwathene), hakika. Saba nyingine zina mistari miwili miwili, D03 (wa Sinope) na D09, zote kwa kiwango cha "dhaifu", na safu ya sababu inataja Philiscus. Haipendezi, lakini anayetaka jibu moja safi atalazimika kulibuni.

Hitilafu ndogo ya ziada: programu iliunganisha tamthilia ya Chrysippus na mwanafalsafa Chrysippus, mwalimu wa D04. Chrysippus wa jukwaani ni kijana wa hekaya za kale. Majina ya kazi yasiingizwe kwenye viungo vya watu.

12 Mei: Tarso

Vifungu vitatu. Laertius 6.81: mwandishi wa maswali ya ushairi. Laertius 10.26: Mwepikureo, mwandishi wa mihadhara teule. Strabo 14.5.15: mwanafalsafa aliyezunguka mji hadi mji akifungua shule, na aliyeweza kutunga shairi papo hapo akipewa mada, mara nyingi la mtindo wa tamthilia za huzuni.

Jina moja, mji mmoja, na ushairi unawaunganisha wawili kati yao. Ni rahisi kusema ni mtu mmoja, na huenda ni kweli. Lakini Seleukia imetuonyesha thamani ya hoja ya "jina moja, mji mmoja". Wamepewa D05, D06 na D07, na kiungo cha "huenda ni yuleyule" katikati yao.

9 Juni: Mfanyabiashara wa Rhapta

Huyu ndiye anayewagusa zaidi wasomaji wa pwani yetu, na ndiye aliyepambwa kuliko wote. Masimulizi yanayozunguka husema: Diogenes alitua Rhapta, soko la kale la pwani ya Afrika Mashariki, akatembea bara siku 25, akaona maziwa mawili na safu ya milima yenye theluji, Milima ya Mwezi. Mstari wake wa kwanza uliandikwa hivyohivyo, ukaanguka pale safu ya kifungu ilipodai maneno yenyewe.

Kifungu ni Ptolemaeus, Jiografia 1.9. Skani ya chapa ya Nobbe ya karne ya 19 ilisomwa vibaya na programu ya kutambua herufi, sehemu hiyo ikapigwa chapa kwa mkono. Inasema kwamba Diogenes fulani, mmoja wa wanaosafiri kwenda India, akirejea kwa mara ya pili, alipokaribia Aromata (Rasi ya Guardafui, Somalia) alisukumwa na upepo wa kaskazini, akawa na nchi ya Trogloditi (wakazi wa mapangoni) kuumeni kwake, na kwa siku 25 akafika kwenye maziwa Nile inakotoka, ambayo rasi ya Rhapta iko kusini yake kidogo.

Siku 25 ni za baharini. Hakuna kutembea bara wala mlima. Milima ya Mwezi na theluji yake vinakuja katika kitabu cha 4, na pale Diogenes hatajwi. Kushuka kwa pepo za kaskazini kunaeleweka na yeyote anayejua kaskazi: chombo kikishaipita Guardafui kinateremka nayo pwani yote ya Somalia. Maziwa ndiyo hayakubaliki, na Ptolemaeus aliliona hilo mwenyewe. Katika 1.17 anasema wafanyabiashara waliofika Rhapta wanaeleza kwamba maziwa hayo yako mbali bara, siyo karibu na bahari.

Kuna tabaka jingine. Maneno siyo ya Ptolemaeus, ni ya Marinus wa Tiro, ambaye kitabu chake kimepotea. Ptolemaeus anamnukuu ili kupinga hesabu zake za umbali. Pamoja na Diogenes anatajwa Theophilus, aliyetoka Rhapta kwa upepo wa kusini akafika Aromata siku ya 20. Tofauti ya siku 20 na 25 ndiyo iliyowashughulisha wanajiografia hao. Diogenes alikuwa kwao kipimo cha safari tu. Faili la vifungu likaongezewa safu ya "kwa kupitia": Diogenes, kupitia Marinus, kupitia Ptolemaeus. Karne imeandikwa "kabla ya Ptolemaeus, aliyefanya kazi katikati ya karne ya 2 BK", basi.

Programu ya ramani ilidai nukta ya Rhapta. Periplus ya Bahari ya Erithrea, ya karne ya 1 BK, inaitaja kuwa soko la mwisho la Azania, lenye pembe za ndovu na vyombo vya kushonwa, vya jamii ya mtepe. Wengi wanaiweka pwani ya Tanzania, lakini mahali penyewe hapajathibitishwa. Nyuzi alizotoa Ptolemaeus zisitumike kama nyuzi za GPS, maana zinategemea hesabu za safari zilezile zinazobishaniwa. Nukta imeachwa wazi, na programu ikabadilishwa ili ikubali hivyo.

30 Juni: Waliobaki

D08 ni yule Mwepikureo wa Seleukia. D10, wa Smyrna, mwalimu wa mwanafalsafa Anaxarchus: hakuna utata.

D11, jemadari wa kikosi cha Makedonia. Mwaka 229 KK aliwaachia Waathene Piraeus, Munychia, Salamis na Sunium kwa talanta 150, ambazo 20 alizitoa Aratus wa Sicyon (Plutarchus, Aratus 34). Waathene walimheshimu hata ukumbi wa mazoezi ya vijana ukaitwa Diogeneion. Ukiukuta kwenye maandishi ya mawe usidhani ni wa mwanafalsafa.

D12 ni mfanyabiashara. D13, mchongaji wa Athene, aliyeipamba Pantheon ya Agrippa, hekalu la Roma, kwa mujibu wa mwandishi Mroma Plinius (36.38). Picha ya Pantheon ya leo iliwekwa kwenye mstari wake, ikaondolewa: jengo lililopo ni la enzi ya Hadrianus.

D14, Antonius Diogenes, mtunzi wa hadithi ya safari za ng'ambo ya Thule (nchi ya mbali ya kaskazini) katika vitabu 24, inayojulikana zaidi kwa muhtasari wa Photius wa karne ya 9. D15 ni Laertius. D16, wa Oenoanda huko Lycia, kusini-magharibi mwa Uturuki, aliyechonga mafundisho ya Epicurus ukutani katika karne ya 2 BK. Mawe ya kwanza yaligunduliwa mwaka 1884. Kwa huyu kifungu ni jiwe, na namba za vipande hutofautiana kati ya matoleo, hivyo kila namba iende na jina la mhariri.

Kwa D03, wa Sinope, tarehe ya kifo, 323 KK, ina doa. Aliyesema alifia Korintho siku ileile Aleksanda Mkuu alipofia Babeli ni Demetrius wa Magnesia (Laertius 6.79). Mwaka umewekwa "huenda", siku haikuwekwa. Na nyumba yake imeandikwa kasiki la udongo, siyo pipa la mbao kama wachoraji wa Ulaya walivyozoea.

14 Julai: Mpaka, na toleo la kwanza

Romanos IV Diogenes, mfalme wa Bizanti aliyetekwa Manzikert mwaka 1071, ameachwa nje: kwake Diogenes ni jina la ukoo, na mpaka wa orodha ni mwaka 600 BK. Amewekewa mstari mmoja wa "tazama pia", maana watu watamtafuta.

Toleo la kwanza lina vitambulisho 16, au watu 14 ukiwahesabu wale wa Tarso kuwa mmoja. Faili zote ni CSV (jedwali la maandishi matupu), kwa msimbo wa herufi wa UTF-8, na zimesawazishwa kwa NFC. Ukizifungua kwa programu ya lahajedwali chagua UTF-8 wakati wa kuingiza, la sivyo Kigiriki kitageuka alama za ajabu na ukihifadhi hakirudi. Jina linalofuata ni Zeno. Laertius (7.35) anawahesabu wanane, na safari hii faili la vifungu litajazwa kabla ya faili la watu kufunguliwa.